Fahamu: Kwa nini kisukari ni jambo la nyumba nzima

Zaidi ya asilimia 90 ya wenye kisukari duniani wana aina ya pili, na ugonjwa huu hudhibitiwa kila siku nyumbani. Ndiyo maana Siku ya Kisukari Duniani, Novemba 14, ilibeba kaulimbiu ya familia mwaka 2018 na 2019.

Familia husaidiaje? Wote wakila chakula kilekile, mboga nyingi na ugali kiasi, mgonjwa hajioni ametengwa.

Familia humuumiza lini? Inapomlaumu na kumchunga kama mtoto. Mgonjwa huanza kula kwa kujificha.

Sukari mwilini ikishuka? Mgonjwa hutetemeka, hutokwa jasho, huchanganyikiwa. Akiweza kumeza, mpeni maji yenye sukari. Akizimia, msimpe kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Mgonjwa ni mtu mzima: muulizeni kwanza angependa asaidiwe vipi.