Doctor Who: usukani ukibadilisha mikono, sayansi inakwenda wapi?

Tarehe 23 Novemba 1963, BBC ya Uingereza ilirusha kipindi cha kwanza cha tamthilia ya Doctor Who. Mhusika wake mkuu, Daktari, si binadamu. Anasafiri katika wakati na anga ndani ya kisanduku cha buluu kiitwacho TARDIS, na akikaribia kufa mwili wake unageuka: sura mpya, tabia mpya, lakini ni yeye yule. Ujanja huo ulianza 1966, mwigizaji William Hartnell alipodhoofika kiafya na Patrick Troughton akachukua nafasi yake.

Mashabiki wengi huhesabu sura za Daktari. Wewe hebu hesabu kitu kingine: nani ameshika usukani. Tangu tamthilia irudi hewani 2005, yupo mtu mmoja ambaye ni mwandishi mkuu na mtayarishaji kwa pamoja. Ndiye anayeamua msimu uelekee wapi, nani aandike nini, na miswada irekebishwe vipi. Alianza Russell T Davies, Steven Moffat akapokea 2010, Chris Chibnall 2018, kisha Davies akarudi 2023.

Sasa tofauti zao utaziona wapi? Angalia wanavyoutumia wakati.

Kisanduku kimoja, sheria tofauti

Kwa Davies wa kwanza, wakati ulikuwa suala la dhamiri. Katika kipindi cha 2008 kuhusu Pompeii, mji uliofunikwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79, Daktari hawezi kuuokoa mji. Yapo matukio yasiyoguswa. Anaishia kuokoa familia moja tu.

Kwa Moffat, wakati ni fumbo, na mara nyingine ni fizikia kabisa. Mwaka 2017 alituonyesha chombo chenye urefu wa maili 400 kikihangaika kujinasua kutoka kwenye shimo jeusi. Upande ulio karibu na shimo zinapita dakika chache. Upande wa mbali inapita miaka. Bill, rafiki wa Daktari, amekwama upande wa mbali, akisubiri. Yaani msiba wote unatokana na kanuni moja ya Einstein: uvutano ukizidi, saa inakwenda polepole.

Na hiyo si hadithi tu. Saa za setilaiti za GPS hukimbia kuliko za ardhini kwa takriban mikrosekunde 38 kila siku, ukijumlisha athari ya uvutano na ya mwendo. Zisiporekebishwa, ramani ya simu yako ingekupoteza. Chumvi iliyotiwa kwenye kipindi ni ukubwa wa tofauti. Kanuni yenyewe ni ya kweli.

Chibnall akageukia historia. Msimu wake wa kwanza ulitupeleka Montgomery ya Rosa Parks mwaka 1955, na Punjab wakati India inagawanywa 1947. Hapo Daktari, akiwa mwanamke kwa mara ya kwanza kupitia Jodie Whittaker, kwa sehemu kubwa ni shahidi.

Davies aliporudi, akafungua mlango wa miujiza. Daktari anamwaga chumvi kwenye ukingo wa ulimwengu, na baada ya hapo viumbe mithili ya miungu wanaingia. Ncuti Gatwa, aliyezaliwa Rwanda na kukulia Uskoti, ndiye aliyepambana nao.

Kwa nini tujali?

Kwa sababu ya walimu wawili. Mwaka 1963 miongoni mwa wasafiri wa kwanza pamoja na Daktari walikuwa Ian, mwalimu wa sayansi, na Barbara, mwalimu wa historia. Haikuwa bahati nasibu: tamthilia ilikusudiwa kuburudisha na kufundisha. Kila mshika usukani, atake asitake, anachagua mwalimu gani apewe nafasi zaidi ya kusema, au kama wote wawili wanyamaze.

Miujiza si dhambi, bana. Hadithi nzuri ni hadithi nzuri. Ila mtoto anayetazama hawezi kutenganisha peke yake shimo jeusi na chumvi iliyomwagika. Vyote vinatoka kwenye kioo kimoja, kwa sauti moja ya uhakika.

Kwa hiyo msimu mpya ukianza, jiulize: sheria ya wakati humu imetoka wapi? Dhamiri, fizikia, historia au miujiza? Ukishajibu, utakuwa umeshamjua mshika usukani kabla jina lake halijapita kwenye kioo. Na kama kuna mdogo wako pembeni, mwambie ni ipi kati ya hizo inayofanya kazi hata televisheni ikizimwa.