Mtoto aking'atwa na mbwa wa nyumbani

Mzazi, likizo hii ya joto watoto wanashinda uani na mbwa wenu mdogo asiyetulia: anaruka, anafukuza mpira, anang'ata vidole kwa mchezo. Usidharau mkwaruzo wa jino lake. Kichaa cha mbwa huenezwa kwa mate, na dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufariki.

Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15. Usipake mafuta ya taa wala pilipili. Mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyohiyo. Mbwa achanjwe akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka.

Watoto huficha jeraha wakiogopa kuchapwa. Mwambie wako leo: aking'atwa, aseme, hatagombezwa.