CHAKULA HUSAIDIA DAWA, HAKISHIKI NAFASI YAKE



Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni mahindi na karanga, si sindano. Lakini jambo la leo ni la shamba na zahanati pamoja.

Katika kijiji kimoja cha Mpanda nilimkuta mkulima amekaa chini ya mwembe. Wakati wa palizi ulikuwa umefika, naye hakushika jembe. Alikuwa ameanza dawa za kifua kikuu. Kikohozi kilikuwa kimepungua, lakini nyayo zake zilimwaka kama amekanyaga majivu ya moto. Akaniambia, "Bwana shamba, dawa hizi zinaniua. Nimeziacha. Sasa nakunywa mizizi."

Je, alifanya vema? Hapana. Tuone kwa nini.

DAWA HUFANYA NINI MWILINI?

Dawa za kifua kikuu humezwa kila siku, kwa kawaida miezi 6. Huua vijidudu vya ugonjwa. Lakini dawa hizo hupita katika ini, na kwa watu wengine ini huumia.

Tena dawa mojawapo, iitwayo isoniazidi, hupunguza vitamini B6 mwilini. Vitamini hiyo ikipungua, mishipa ya fahamu huumia. Miguu na mikono huwaka moto au hufa ganzi. Hiyo ndiyo taabu iliyompata mkulima yule. Hupata upesi mtu asiyekula vizuri, mnywaji wa pombe, mama mjamzito na mwenye virusi vya UKIMWI.

SHAMBA LAKO LITASAIDIAJE?

Mwili uliodhoofu kwa njaa huumizwa na dawa upesi zaidi. Kwa hiyo mgonjwa ale vizuri. Ugali mtupu hautoshi. Vitamini B6 imo katika viazi vitamu, ndizi, maharage, karanga na mbegu za alizeti. Vyote hivi vinalimwa kwetu Katavi. Ongeza mchicha, majani ya maboga na kisamvu.

Lakini usidanganyike. Miguu ikianza kuwaka, chakula peke yake hakitoshi. Mganga wa zahanati atakupa vidonge vya vitamini B6.

CHAKULA KIWE SAFI

Karanga au mahindi yenye ukungu yaweza kuwa na sumukuvu. Sumu hii huharibu ini. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumu hii, na 20 kati yao walifariki. Ini linalobeba dawa lisibebeshwe sumu tena. Kuipika hakuiondoi. Basi fanya hivi:

1. Anika karanga na mahindi juu ya turubai au jamvi, si juu ya udongo.
2. Usiloweshe karanga kwa maji ili zibanguke upesi. Maji huleta ukungu.
3. Chagua. Zilizooza, zilizosinyaa na zenye ukungu zitupe. Usiwape hata kuku.
4. Weka magunia juu ya chaga, mbali na ukuta.

MGONJWA AKUMBUKE

Usinywe pombe, hata ya kienyeji. Usichanganye dawa za hospitali na mizizi bila kumwambia mganga. Mizizi mingine nayo huumiza ini.

Mkojo ukiwa wa rangi ya chungwa, usiogope. Ni rangi ya dawa. Lakini macho yakiwa ya manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, au ukitapika mfululizo, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Mganga ndiye atakayeamua kama dawa zisimamishwe au zibadilishwe.

Usiache dawa kwa shauri lako mwenyewe. Ugonjwa hurudi ukiwa sugu, na utawaambukiza watoto wako nyumbani.

Yule mkulima nilimpeleka zahanati kwa baiskeli yangu. Akarudishwa kwenye dawa, akapewa na vidonge vya vitamini. Mkewe akawa anampikia maharage na viazi, na karanga alizozichagua mwenyewe. Msimu uliofuata nilimkuta shambani, jembe mkononi.

Ndugu msomaji, je, kwako yupo anayemeza dawa? Leo jioni tazama sahani yake. Kisha mkumbushe kidonge chake.