Mama, Usingoje Damu

Ndugu wamama, na ninyi wababa mnaoketi nje mkiwangojea, leo tuseme juu ya ugonjwa ambao watu wanaona haya kuutaja: kansere ya mlango wa tumbo la uzazi.

Mwanzo wake hauumi. Unaletwa na virusi viitwavyo HPV, ambavyo hupita wakati mume na mke wanapolala pamoja. Watu wengi sana huvipata, na kwa wengi vinaondoka vyenyewe. Kwa wamama wengine vinabaki na kuharibu mlango ule polepole, pengine miaka 15 ao 20. Mama analima, anazaa, anaimba kanisani, hajui kitu. Damu ikianza kutoka baada ya kulala na mume, ao maji yenye harufu mbaya, mara nyingi ugonjwa umekwisha kuenea. Ndipo wengine wanasema amelogwa, na wengine wanamshitaki uzinzi. Wababa, acheni maneno hayo! Mke mwaminifu aweza kuugua, na pengine virusi vilitoka kwako.

Labda umesikia kwamba huu ni ugonjwa wa watu weusi. Si kweli. Zamani Wazungu nao walikufa sana kwa ugonjwa huu. Mwaka 1943 munganga George Papanicolaou, mzaliwa wa Ugiriki aliyefanya kazi New York, pamoja na mwenzake Herbert Traut, walitoa kitabu kinachoonyesha namna ya kuuona mapema kwa mikroskopi. Ufini ikaanza katika miaka ya 1960 kuwaita wanawake wote wapimwe. Uingereza ina mpango wa kuwaita tangu 1988. Leo wanaitwa wenye miaka 25 mpaka 64. Barua inafika nyumbani, na kupimwa hakulipiwi. Mama anaitwa akiwa mzima.

Kwetu hakuna barua. Mama anatembea siku nzima, anatafuta franka, na anafika akiwa amekwisha kuishiwa damu. Mwaka 2019, katika inchi tajiri, wanawake 84 kwa kila 100 wenye miaka 30 mpaka 49 walikuwa wamekwisha kupimwa hata mara moja. Katika inchi maskini kabisa ni 11 tu. Mwaka 2022 kansere hii iliua wanawake karibu 350,000. Kwa kila 100 waliokufa, 94 walikuwa wa inchi maskini ao zenye mali ya kadiri.

Lakini tazameni jirani yetu Zambia. Mwaka 2006, katika kliniki za serikali za Lusaka, wauguzi walianza kupima kwa siki, ambayo wengine wanaiita vinegri. Muuguzi anapaka siki hafifu kwenye mlango wa tumbo la uzazi, anangoja dakika moja, anaangalia kwa taa. Mahali palipoharibika panageuka peupe. Kama si pakubwa, anapagandisha kwa baridi kali siku ile ile, na mama anarudi kwake. Rwanda nayo, mwaka 2011, ilianza kuwachanja wasichana katika inchi nzima, ya kwanza katika Afrika. Hizi si inchi tajiri. Siku hizi kuna na kipimo cha kutafuta virusi vyenyewe, kizuri kuliko siki, lakini bei yake ni kubwa na hakijafika pote.

Kuna tena haya. Mama mmoja aliniambia kitandani: «Nilikataa kuvua nguo mbele yenu nilipokuwa mzima. Sasa ninavua kila siku.» Hakurudi tena shambani kwake. Mnamkumbuka yule mwanamke wa Marko 5, aliyetokwa na damu miaka 12 na kumaliza mali yake kwa waganga. Yeye alikuja katikati ya makutano. Hapa kwetu kuna pazia.

Kama una miaka 30 ao zaidi, uliza muuguzi siku ya kupima. Mwenye virusi vya SIDA aanze akiwa na miaka 25, kwa kuwa hatari yake ni mara sita. Njoo siku ambazo huna damu ya mwezi, umevaa kikwembe. Siki inawasha kidogo, na kazi yote ni dakika chache. Lakini wewe ambaye damu inatoka bila sababu, usingoje siku ya kupima, njoo leo.