Kutunza mabango ya zamani: mwanga, unyevu na selotepu huharibu kuliko mchwa

Na Mwandishi Wetu, Songea

Mtu anayepita mitaa ya Kata ya Lizaboni katika Manispaa ya Songea, akichungulia ndani ya banda la kinyozi au mgahawa wowote, ataona jambo ambalo wengi wamelizoea kiasi cha kutolitafakari: mabango ya ukutani yaliyogeuka rangi ya bluu. Shati lililokuwa jekundu limekuwa kijivu na nyuso za watu zimepauka. Sababu yake si uchafu wala uzee peke yake. Picha ya rangi hutoka kiwandani kwa wino wa aina nne, yaani samawati, nyekundu ya waridi, njano na nyeusi. Mwanga huivunja nyekundu na njano upesi, na samawati na nyeusi hubaki. Bango likishafikia hapo limepoteza sehemu kubwa ya habari yake, na hakuna fundi awezaye kuirudisha.

Kwa bango la mitindo ya nywele hasara hiyo ni ndogo, maana lingine linanunuliwa. Hasara huwa kubwa pale bango lililopauka linapokuwa nakala pekee iliyosalia.

Mkoa wa Ruvuma una sababu nyingi za kuwa na karatasi za namna hiyo majumbani. Abasia ya Wabenediktini ya Peramiho, isiyo mbali na mji wa Songea, ilianzishwa mwaka 1898, na kwa miongo mingi kiwanda chake cha uchapaji kimekuwa kikitoa vitabu, magazeti na machapisho mengine ya Kiswahili. Baada ya Uhuru zikaja karatasi za Serikali: za kisomo, za kilimo, za uchaguzi, na za kampeni za afya kama ile ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Kisha upo ukombozi wa Kusini mwa Afrika. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962, na Ruvuma, kwa kupakana na Msumbiji, ikawapokea wakimbizi wa vita vile. Mabango ya mshikamano na wapigania uhuru yalichapwa sehemu nyingi za dunia. Yale ya Cuba, kwa mfano, yalikunjwa na kutiwa ndani ya jarida la Tricontinental ili yasafiri kwa posta, na ndiyo maana mengi yaliyosalia hadi leo yamechanika kwenye mikunjo.

Ipo pia sanaa yenyewe. Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972, ilikuwa mahali ambapo wasanii wa Kitanzania walijifunza kuchapa picha kwa mabamba ya chuma yaliyochongwa kwa tindikali. Picha ya aina hiyo huchapwa kwa nakala chache, na mara nyingi msanii huandika pembeni kwa kalamu ya risasi nambari kama 3/20, maana yake nakala ya tatu kati ya ishirini, kisha hutia saini yake. Watu wengi huikata pembe hiyo ili picha iingie kwenye fremu. Wakifanya hivyo wamekata ushahidi wa msanii, na pamoja nao sehemu kubwa ya thamani ya picha.

Tofauti kati ya picha hiyo na bango la kawaida ni karatasi. Msanii huchagua karatasi ya pamba inayoweza kuishi karne kadhaa. Bango hutengenezwa ili lidumu wiki chache, hivyo huchapwa kwenye karatasi rahisi ya mbao zilizosagwa. Ndani ya karatasi hiyo hubaki lignini ya mti ambayo, ikipata hewa na mwanga, huzaa tindikali. Tindikali hukatakata nyuzi za karatasi mpaka inakuwa ya manjano na kuvunjika kama jani kavu. Yeyote aliyeacha gazeti juani kwa juma moja ameona mwanzo wa kazi hiyo. Joto na unyevu huiharakisha. Giza, ubaridi na ukavu huichelewesha. Hakuna njia ya nyumbani ya kuikomesha kabisa, na lengo la utunzaji ni kuichelewesha kwa miaka mingi kadiri iwezekanavyo.

Hali ya hewa ya Songea inasaidia upande mmoja na kudhuru upande mwingine. Mji uko kwenye nyanda za juu, hivyo joto lake ni dogo kuliko la Pwani. Lakini mvua ni za msimu mmoja mrefu, takriban Novemba hadi Aprili, na kwa miezi hiyo hewa ya ndani hujaa unyevu. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 hivi kwa siku kadhaa, kuvu huanza kuota. Kipimo kinachopendekezwa kwa karatasi ni kati ya asilimia 35 na 55, tena kisichopanda na kushuka ovyo. Nyumba ya matofali ya kuchoma iliyoezekwa bati bila dari ina tabaka mbili za hatari: juu joto la bati wakati wa jua na matone wakati wa mvua, chini unyevu unaopanda kutoka sakafuni kupitia ukutani. Mahali salama ni katikati, kwenye kabati lililonyanyuliwa angalau sentimita kumi na tano kutoka sakafuni, likisogezwa mbali na ukuta wa nje, katika chumba kisichopikiwa. Moshi wa kuni na mkaa hubeba masizi yanayoingia ndani ya nyuzi za karatasi, nayo hayafutiki.

Chini ya godoro, mahali ambapo familia nyingi huficha vyeti na picha, si pazuri hata kidogo. Pana joto la mwili, jasho na mgandamizo usio sawa. Sanduku la bati ni afadhali, mradi libaki kavu na lifunguliwe mara kwa mara lipate hewa.

Karatasi hutunzwa vizuri zaidi ikilala bapa. Kila bango liwekwe peke yake kati ya karatasi mbili nyeupe. Gazeti halifai kwa kazi hiyo, kwani lenyewe ni tindikali tupu. Karatasi nyingi nyeupe za fotokopi zinazouzwa sasa hazina tindikali, nazo zinatosha kwa picha ndogo. Kwa bango kubwa, shuka jeupe la pamba lililofuliwa na kusuuzwa mpaka sabuni ikaisha hufanya kazi ileile. Karatasi maalumu za kuhifadhia nyaraka ni bora kuliko hizo zote, lakini bei yake ni kubwa. Mwenye kuzipata azitumie kwa vitu vyake viwili vitatu vya thamani zaidi.

Bango lisilolala kabatini kwa ukubwa wake huzungushwa. Hapa watu wengi hulisokota jembamba na kulisukumiza ndani ya bomba, likaja kuchanika siku ya kulitoa. Njia sahihi ni kulizungusha kwa nje juu ya kitu cha duara chenye upana wa sentimita kumi au zaidi. Yale maboksi ya duara yanayobaki katikati ya kapeti la plastiki hutupwa madukani kila siku. Likivishwa karatasi nyeupe kwanza, linafaa kabisa. Kisha bango lifunikwe kwa shuka na kufungwa kwa utepe wa kitambaa, bila mpira wala kamba.

Yapo mambo yanayofanywa kwa nia njema ambayo huharibu kuliko mchwa. La kwanza ni laminesheni. Mashine huyeyusha gundi ya plastiki kwa joto kali na kuishindilia ndani ya karatasi. Tindikali hufungiwa humo humo, na plastiki haibanduki tena bila kuondoka na wino. Nakala ya picha inaweza kufanyiwa hivyo, lakini picha halisi isipelekwe. La pili ni selotepu, ambayo baada ya miaka michache hukauka, hudondoka na kuacha doa la kahawia linalopenya hadi upande wa mbele. Bango lililochanika liachwe lilivyo, vipande vyake vikiwekwa pamoja katika bahasha moja. Mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali, kama ile ya pazia la bafuni, hutoa hewa yenye tindikali na hunyonya wino.

Wadudu nao hawapuuzwi. Mchwa hupanda kutoka ardhini, hivyo kunyanyua kabati na kukagua miguu yake kila mwezi ni kinga kubwa. Mende na yule mdudu mdogo wa rangi ya fedha hufuata wanga na gundi. Dawa isipuliziwe juu ya karatasi. Karatasi iliyoingiwa na wadudu hufungwa katika mifuko miwili ya nailoni isiyopitisha hewa na kuwekwa ndani ya friza kwa majuma mawili, kisha ikitolewa iachwe siku nzima bila kufunguliwa, ili umande utue juu ya nailoni na si juu ya picha. Bati likivuja na mabango yakalowa, muda ni saa 48 kabla ya kuvu kuanza. Yalazwe kivulini juu ya kitambaa kikavu, feni ikielekezwa pembeni, bila jua wala pasi. Karatasi za kung'aa zitenganishwe zingali majimaji. Zikikauka zimegandana, hazitengani tena. Kama ni nyingi kuliko mikono iliyopo, zifungwe na kuingizwa friza hadi nafasi ipatikane.

Wakati mzuri wa kupanga mkusanyiko ni kipupwe, Juni hadi Agosti, hewa ikiwa kavu. Mikono mikavu iliyonawa vizuri hushika karatasi salama kuliko glavu za kitambaa, ambazo hunasa kwenye kingo. Kila kitu kipigwe picha kwa simu katika mwanga wa mchana usio wa jua la moja kwa moja, na nakala ziwekwe mahali pawili tofauti. Anayetaka kupamba sebule anaweza kutundika nakala hiyo na kuiacha ile halisi gizani. Kuchapa nakala za kuuza ni jambo jingine: kumiliki picha si kumiliki haki yake, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda msanii na warithi wake.

Kwa ofisi za umma wajibu ni mzito zaidi. Bango lililotolewa na ofisi ni kumbukumbu ya ofisi hiyo, na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002 hairuhusu kumbukumbu za umma kuharibiwa bila idhini. Stoo inaposafishwa, mabango ndiyo huwa ya kwanza kuchomwa kwa kuwa hayafanani na faili. Ofisa masijala ahusishwe kabla ya hapo.

Mwananchi asiye na nafasi ya kutunza anaweza kuzungumza na Makumbusho ya Taifa ya Majimaji, iliyopo hapa Songea, au Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Kwa karatasi za harakati za ukombozi ipo pia Programu ya Urithi wa Ukombozi wa Bara la Afrika, inayoratibiwa nchini. Kabla ya kwenda, aandike nyuma ya bango, pembeni kabisa na kwa kalamu ya risasi laini, lilipatikana wapi, mwaka gani na lilikuwa limetundikwa nyumba au ofisi ya namna gani. Kalamu ya wino isitumike, kwani hupenya. Na kama wazee wa nyumba wanakumbuka lililetwa na nani, waulizwe sasa na jibu liandikwe hapo hapo.