Bluetooth ya kompyuta inapogoma: Mambo ya kukagua kabla ya kumwona fundi

Na Mwandishi Wetu

WATUMIAJI wengi wa kompyuta za mpakato wamewahi kukumbwa na tatizo hili: hedifoni, kipanya au simu iliyounganishwa kwa Bluetooth jana bila shida, leo haionekani kabisa, au inaonekana lakini inakataa kuunganishwa.

Wapo wanaokimbilia dukani kununua hedifoni nyingine. Wapo pia wanaoipeleka kompyuta kwa fundi, ambako huweza kuelezwa kuwa kifaa cha mawasiliano kilichomo ndani kimekufa na kinapaswa kubadilishwa. Hata hivyo, mara nyingi hakuna kilichokufa. Chanzo huwa ni kumbukumbu ya muunganisho iliyovurugika, programu iliyokwama au mawimbi yanayoingiliana, mambo ambayo mwenye kompyuta anaweza kuyabaini mwenyewe bila kulipa hata senti moja.

Bluetooth ni teknolojia ya redio ya masafa mafupi. Umoja wa kuisimamia uliundwa mwaka 1998 na kampuni za Ericsson, Intel, Nokia, Toshiba na IBM, na jina lake lilitokana na Harald Bluetooth, mfalme wa Denmark wa karne ya 10.

Vifaa viwili vinapokutana kwa mara ya kwanza huoanishwa, yaani kila kimoja hutunza ufunguo wa siri wa kumtambua mwenzake. Ufunguo huo ukipotea upande mmoja, kwa mfano baada ya Windows kuwekwa upya, upande wa pili hubaki na ufunguo wa zamani. Matokeo yake ni kwamba vifaa hivyo huonana lakini havielewani.

Nani mgonjwa?

Hatua ya kwanza ni kujua tatizo liko upande gani. Hedifoni iunganishwe na simu. Ikikubali, hedifoni ni nzima na kasoro iko kwenye kompyuta. Ikikataa hata kwenye simu, kompyuta haina kosa; hedifoni ichajiwe kwanza, kwa kuwa betri iliyopungua ni sababu ya kawaida ya kukatikakatika.

Aidha, ni vyema kuhakikisha kuwa hedifoni haijachukuliwa na kifaa kingine. Nyingi hujiunganisha zenyewe na kifaa zilichotumia mara ya mwisho, hivyo simu iliyo mfukoni au chumba cha pili inaweza kuwa ndiyo iliyozishika. Dawa yake ni kuzima Bluetooth ya simu hiyo na kujaribu tena.

Kwa upande wa kompyuta, ikaguliwe kama Bluetooth imewashwa na kama hali ya ndege imezimwa. Baadhi ya kompyuta zina kitufe kwenye kibodi kinachozima mawasiliano yote ya redio, na ni rahisi kukigusa bila kukusudia.

Kuanza upya kwa usahihi

Kompyuta ikiwa bado inagoma, izimwe na kuwashwa upya. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalifahamu. Katika Windows 10 na 11, kompyuta nyingi zikizimwa kwa kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili ziwake haraka baadaye. Kwa sababu hiyo, programu iliyokwama inaweza kurudi ikiwa imekwama vilevile. Anayechagua "Restart" badala ya "Shut down" huilazimisha kompyuta kuanza upya kabisa.

Hatua inayofuata ni kufuta muunganisho wa zamani. Katika mipangilio ya Bluetooth, mtumiaji achague kifaa husika na kubonyeza "Remove device", kisha akiweke kifaa hicho katika hali ya kutafutwa na kukioanisha upya. Kwa hedifoni nyingi, hali hiyo hupatikana kwa kubonyeza kitufe kwa sekunde kadhaa hadi taa ianze kumetameta. Kama kinachounganishwa ni simu, jina la kompyuta lifutwe pia kwenye simu, la sivyo ufunguo wa zamani utaendelea kuleta ugomvi.

Iwapo Bluetooth imetoweka kabisa kwenye mipangilio, ifunguliwe sehemu ya Windows iitwayo "Device Manager". Hapo huonekana kama kompyuta bado inakitambua kifaa chake cha Bluetooth. Kikiwa na alama ya mshangao, huenda draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuwasiliana na kifaa hicho, imeharibika. Draiva sahihi hupatikana bure kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta, na si kwenye tovuti zisizojulikana, ambazo huweza kuambatanisha virusi.

Mawimbi yanapogongana

Kipanya kinachorukaruka au muziki unaokatika huwa na chanzo tofauti. Bluetooth hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo hutumiwa pia na Wi-Fi na hata majiko ya maikrowevu. Ili kukwepa msongamano, Bluetooth ya kawaida hurukaruka kati ya chaneli 79, hadi mara 1,600 kwa sekunde. Hata hivyo, eneo likijaa mno, njia za kukimbilia huwa chache.

Mvurugaji asiyedhaniwa ni matundu ya USB 3.0. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilitoa maelezo ya kitaalamu kuwa vifaa vya aina hiyo huweza kutoa kelele ya redio katika eneo hilo hilo la gigahezi 2.4. Hivyo, kipanya kikianza kusuasua mara tu diski ya nje inapochomekwa, diski ihamishiwe tundu la upande wa pili au isogezwe mbali kwa waya mrefu zaidi. Nayo Wi-Fi, kama vifaa vinaruhusu, ihamishiwe gigahezi 5.

Wapo pia wanaolalamika kuwa sauti ya hedifoni huwa mbovu pindi mkutano wa mtandaoni unapoanza. Si ubovu. Katika mfumo wa zamani wa Bluetooth, hedifoni haiwezi kubeba sauti ya ubora wa juu na kutumia maikrofoni yake kwa wakati mmoja. Mtumiaji akichagua maikrofoni ya kompyuta yenyewe, ubora wa sauti kwa kawaida hurejea.

Hali kadhalika, usalama usisahaulike. Mwaka 2017 kampuni ya Armis ilitangaza udhaifu ulioitwa BlueBorne, ulioweza kumpa mhalifu aliye karibu mwanya wa kuingilia vifaa ambavyo Bluetooth yake imewashwa. Kinga yake ilikuwa kusasisha programu. Ikumbukwe kuwa Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya kusasisha Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Zaidi ya hayo, ombi la kuoanishwa kutoka kifaa kisichojulikana likataliwe, na namba zinazotokea kwenye vioo viwili zilinganishwe kabla ya kukubali.

Wakati wa kumwona fundi

Baada ya hatua hizo zote, iko dalili moja ya kuzingatia. Katika kompyuta nyingi za mpakato, Bluetooth na Wi-Fi hukaa kwenye kadi moja. Zote mbili zikitoweka kwa pamoja, na draiva sahihi isisaidie, kuna uwezekano mkubwa kuwa kadi imelegea au imeharibika, na hapo fundi anahitajika.

Ikiwa Wi-Fi inafanya kazi na Bluetooth pekee ndiyo iliyogoma, kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye tundu la USB kinaweza kumaliza tatizo bila kuifungua kompyuta. Na kwa anayelazimika kwenda kwa fundi, amweleze yote aliyokwisha kuyajaribu. Mteja anayejua kilicho kizima si rahisi kuuziwa kifaa asichokihitaji.