Mahindi ya Kwenye Picha

Mavuno yakishaanza Ufipa, mkoani Rukwa, biashara kubwa ya mahindi na maharage siku hizi huanzia kwenye simu. Picha ya magunia yaliyopangwa ghalani hupandishwa Facebook, Kupatana, Jiji au kwenye magrupu ya WhatsApp, na chini yake bei ya gunia na namba ya simu. Mnunuzi yuko Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza. Hajawahi kukanyaga Sumbawanga. Anachokijua ni kwamba Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi, na kwamba tangu lami ilipokamilika kati ya Tunduma na Sumbawanga, kilomita 223, malori hayakwami tena kama zamani.

Wanaelewana bei. Anatuma kianzio ili gari lipakie. Jioni anaambiwa gari limeondoka. Asubuhi anaambiwa limezuiwa Laela, inatakiwa hela ya ushuru. Anatuma tena. Mchana simu haipatikani, na ile picha ya magunia, akiitafuta vizuri, anaikuta kwenye kurasa nyingine tatu zenye majina tofauti na mikoa tofauti.

Mkoa wetu unaumia zaidi katika jambo hili. Katika taarifa za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, za miaka ya karibuni, Rukwa na Morogoro zimetajwa mara kwa mara kuwa juu kwa namba za simu zilizohusishwa na majaribio ya ulaghai. Vijana wachache wanaotuma ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wamelichafua jina ambalo wakulima wa Nkasi, Kalambo na Kwela wamelijenga kwa jembe. Mwaminifu mwenye magunia mia mbili ghalani anapiga simu Kariakoo, na akishasema tu yuko Sumbawanga, sauti ya upande wa pili inabadilika. Huyo naye amedhulumiwa, ingawa hakuna aliyemchukulia shilingi mkononi.

Basi aliyelizwa afanye nini? Jibu la kwanza linahusu muda. Fedha iliyotumwa kwa simu hukaa kwenye akaunti ya mpokeaji mpaka aitoe kwa wakala au aihamishe, na matapeli huitoa mapema kadiri wanavyoweza. Ndani ya dakika hizo chache ndipo penye matumaini makubwa. Piga huduma kwa wateja ya kampuni yako ya simu, namba 100, ukiwa na kumbukumbu ya muamala, kiasi, saa na namba ya mpokeaji. Sema wazi kwamba umetapeliwa na unaomba fedha izuiwe. Usiseme umekosea namba. Aliyekosea namba na aliyetapeliwa hushughulikiwa kwa njia mbili tofauti, na ukianza na uongo mdogo ili mambo yaende haraka, uongo huo utakufuata hadi polisi. Mhudumu anaweza kukujibu kwamba muamala ulikamilika kwa namba yako ya siri mwenyewe. Ni kweli, lakini hilo halikuzuii kudai malalamiko yako yaandikwe na upewe namba ya kumbukumbu.

Namba ya tapeli ipeleke pia TCRA kupitia 15040. Kufanya hivyo hakutakurudishia hela yako. Kunasaidia namba ile ifungiwe kabla haijamfikia mwingine, na kwa mkoa kama huu hilo si jambo dogo. Kama kampuni ya simu au benki haikukupa majibu ya kuridhisha, Benki Kuu ya Tanzania hupokea malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha, mradi uwe umeanza kwa mtoa huduma mwenyewe.

Kisha polisi. Wengi hukata tamaa hapa kwa sababu wanadhani lazima wasafiri. Mnunuzi aliyeko Ilala hahitaji kupanda basi zaidi ya kilomita 1,100 kuja Sumbawanga ili afungue jalada. Anaripoti kituo kilicho karibu naye, anapata namba ya RB, yaani kumbukumbu ya taarifa yake polisi, na kazi ya kufuatilia namba ilisajiliwa na nani na hela ilitolewa kwa wakala gani inafanywa na polisi kwa taratibu za kisheria. Kampuni ya simu haiwezi kumkabidhi raia taarifa za mteja mwingine kwa sababu tu raia huyo analia. Ndiyo maana RB ni muhimu kuliko maneno makali ya kwenye mitandao.

Nenda na ushahidi uliokamilika: ujumbe wa muamala, tangazo lenyewe na jina la ukurasa, mazungumzo yote, sauti zilizorekodiwa, picha. Usifute mazungumzo kwa hasira, na usibadilishe simu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ujumbe wa simu kuwa ushahidi mahakamani, lakini mahakama hutaka kujua ulihifadhiwaje na kama haukuchezewa. Simu yenyewe ni kielelezo.

Kuhusu jina la mpokeaji linalotokea kabla hujaweka namba ya siri, liangalie kwa makini, lakini usilifanye ndiyo dhamana yako. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, kila laini ina mwenyewe kwa mujibu wa kitambulisho cha NIDA. Matapeli wanalijua hilo na hutumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine: bibi wa kijijini aliyewekewa kidole mara mbili na msajili wa barabarani, au kijana aliyeuza laini yake kwa hela ya soda. Polisi wakifuatilia, mlango wa kwanza kugongwa ni wa bibi huyo. Kila mwenye simu Ufipa na apige *106# aone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Akiiona asiyoijua, aende kuifuta kabla haijamtia matatani.

Yapo makosa ya aina ya pili, na haya polisi mara nyingi huyasukuma pembeni kwa neno moja: "Hayo ni madai." Muuzaji yupo, anajulikana, mzigo umefika. Ila mahindi yamelowa, maharage yamechanganywa, au simu iliyoitwa nzima inazima kila baada ya saa moja. Hapo hakuna jinai ya wazi, lakini kuna mkataba uliovunjwa, na mkataba wa WhatsApp ni mkataba.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inasema bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo, na iliyouzwa kwa sampuli ilingane na sampuli. Lakini kati ya mfanyabiashara na mtu binafsi kuna tofauti. Anayefanya biashara ya bidhaa fulani anabebeshwa na sheria wajibu wa ubora hata kama hakuahidi kwa mdomo. Mtu anayeuza pikipiki yake mwenyewe aliyoichoka habebeshwi wajibu huo kwa kiasi kile, na kinachokulinda hapo ni maneno yake tu. Kwa hiyo yapate kwa maandishi kabla ya kulipa. "Injini haijafunguliwa." "Mahindi ya msimu huu, unyevu hauzidi asilimia 13.5." Kiwango hicho ndicho cha juu katika viwango vya mahindi vya Afrika Mashariki, na muuzaji makini wa Mazwi au Matai anakielewa ukimtajia.

Mzigo ukifika mbovu, mjulishe muuzaji siku hiyo hiyo kwa ujumbe. Upime, upige picha kabla ya kushusha na baada, uite shahidi. Na usiuze hata gunia moja. Ukianza kuuza, au ukikaa nao muda mrefu kimya, sheria inakuhesabu kuwa umeupokea. Utabaki na haki ya kudai fidia, lakini ile haki kubwa ya kuukataa mzigo na kurudishiwa fedha yote inakuponyoka. Wafanyabiashara wengi hupotelea hapa. Wanauza magunia mazuri ili kupunguza hasara, halafu wanadai fedha yote, na wanashangaa wakishindwa.

Baada ya hapo iandikwe barua ya madai: kilichonunuliwa, kiasi kilicholipwa, kasoro, fedha inayodaiwa na siku alizopewa kulipa. Isiwe na matusi. Barua hiyo huwatikisa wengi kuliko tunavyodhani, hasa ikipita kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji anakoishi muuzaji. Katika vijiji vya uwanda wa juu watu bado wanafahamiana, na mtu anayekaa Kaengesa au Mwimbi hapendi nakala ya madai yake isomwe kwenye ofisi ya kijiji chake. Hili ni jambo la kujivunia na kulitumia.

Akikaa kimya, kuna Mahakama ya Mwanzo. Inasikiliza madai ya deni linalotokana na mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, kwa Kiswahili, na mtu anaweza kujieleza mwenyewe bila wakili. Ugumu wake ni umbali, kwa sababu kwa kawaida shauri hufunguliwa anakoishi mdaiwa. Na hukumu peke yake hailipi. Mshindi anapaswa kuomba kukazia hukumu, mali ya mdaiwa ikamatwe na kuuzwa. Kabla ya kufungua kesi, jiulize kama mdaiwa ana chochote cha kukamatwa.

Kwa upande wa jinai, Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyoanza kutumika Septemba 2015, ni kali. Udanganyifu kwa njia ya kompyuta, na simu imo humo, una faini isiyopungua shilingi milioni 20 au mara tatu ya alichojipatia mkosaji, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Lakini faini inakwenda serikalini. Aliyelizwa hapati kitu mpaka mahakama iamuru fidia, na uwezo huo inao. Mlalamikaji amkumbushe mwendesha mashtaka mapema, kwa maandishi, kwamba anaomba fidia na kiasi chake. Wanaokaa kimya wanaiona kesi ikiisha, mtu anakwenda jela, na wao wanarudi nyumbani mikono mitupu.

Wauzaji nao huibiwa. Mkulima wa Namanyere anapokea ujumbe unaosema fedha imeingia, unaofanana kabisa na ule wa kweli, na gari la mnunuzi limeshafika. Anapakia. Akienda kutoa hela anakuta salio halijabadilika. Ujumbe ulitoka kwenye namba ya mtu binafsi. Dawa ni kutazama salio kwa kupitia menyu ya simu yako mwenyewe, kila mara, hata kama dereva anapiga honi. Mzigo ukishaondoka, kitu cha kushikilia ni namba ya usajili wa lori na jina la dereva. Viandikwe kabla ya gunia la kwanza kupanda.

Na hapa niwaonye walioumia tayari. Baada ya wizi wa kwanza hufuata wa pili. Wanajitokeza watu wanaosema wana ndugu ndani ya kampuni ya simu, wanaweza kurudisha muamala kwa malipo kidogo. Wengine ni waganga, na jina la Sumbawanga limetumika mno katika matangazo yao: mali iliyoibwa itarudi, mwizi ataileta mwenyewe mlangoni, tuma tu hela ya dawa. Aliyepoteza ada ya mtoto huwa tayari kusadiki chochote, na hao wanaijua hali hiyo. Kampuni ya simu, polisi au mahakama haikuombi utume fedha kwenye namba ya mtu ili urudishiwe fedha yako.

Ninaamini, hata hivyo, kwamba tumemtwika mzigo mkubwa mno mtu mmoja mmoja. Tunamwambia awe macho, awe macho, wakati mifumo inayopitisha hela yake imekaa kando. China walipoanza biashara kati ya watu wasiojuana kwenye Taobao, walianzisha Alipay: fedha ya mnunuzi inakaa kwa mtu wa kati na muuzaji anaipata mzigo ukishafika. Uingereza, tangu tarehe 7 Oktoba 2024, mtu aliyerubuniwa akatuma fedha kwa tapeli kutoka benki hadi benki hurudishiwa hadi pauni 85,000, na gharama hiyo hugawanywa nusu kwa nusu kati ya benki iliyotuma na iliyopokea. Benki iliyofungulia tapeli akaunti inalipa, kwa hiyo inamchunguza mteja wake.

Sisi tuna miamala ya simu tangu mwaka 2008. Tunaweza kuwa na kitufe cha malipo ya mzigo, ambapo kianzio cha mnunuzi kinazuiwa hadi athibitishe kupokea, au hadi stakabadhi ya ushuru wa halmashauri ionyeshe kwamba gari limepita kweli. Tunaweza pia kuwataka wamiliki wa mifumo kushika kwa saa chache fedha kubwa inayoingia kwenye laini mpya na kutakiwa kutolewa papo hapo. Mkulima halisi hatapungukiwa na kitu akisubiri hadi jioni.

Naiomba Benki Kuu, TCRA na kampuni za simu zianzie hapa Rukwa, mkoa ambao takwimu zao wenyewe zimeutaja, na zianze kabla ya mavuno yajayo. Na wewe wakala wa Laela, Matai au Sumbawanga mjini, unayemwona kijana yule yule akija kutoa hela kwa laini tofauti kila siku: namba ya kutolea taarifa ni 15040.